Vesak ya Wabudha: inaadhimisha nini, na asili yake ni ipi?

Mwenyeji wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wasomaji wa dini zote.

Ninaendesha nyumba ya wageni mtaani Mkomani, mjini Lamu, na mwezi wa Mei tunatarajia kuipokea familia kutoka Sri Lanka, ambayo imeniandikia mapema kunieleza kwamba siku moja katika siku watakazokaa nasi itakuwa sikukuu yao kubwa ya dini, iitwayo Vesak. Wameomba chakula cha siku hiyo kiwe tayari mapema ili wamalize kula kabla ya saa sita mchana, kisiwe na nyama wala samaki, na jioni wasiandaliwe chochote. Hayo nimewakubalia, lakini ningependa kuielewa siku yenyewe kabla hawajafika, kwa kuwa naona si adabu kumkaribisha mtu katika siku yake tukufu na mwenyeji hajui inahusu nini.

Niliyoyapata kwa kuulizauliza yanapingana. Mmoja aliniambia ni siku ya kuzaliwa Budha, yaani ni mfano wa Maulidi yao. Mwingine akasema ni siku aliyofariki. Wa tatu akashikilia kwamba haihusu kuzaliwa wala kufa, bali ni siku aliyopata ujuzi wake chini ya mti. Ninaomba mwenye elimu anieleze ni lipi kati ya hayo lililo sahihi, ni nani aliyeiweka siku hiyo na tangu lini, na kwa nini tarehe yake hubadilika kila mwaka ilhali haiendi mbali na mwezi wa Mei. Sitafuti mabishano ya nani yuko katika haki. Ninataka kujua wao wenyewe wanaamini nini.

Mwalimu wa Mambrui (Malindi)

Wa alaykum salaam, ndugu Mwenyeji. Wote watatu wamekuambia kweli, ila kila mmoja ameshika sehemu yake. Kwa Wabudha wa Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Kambodia na Laos, ambao hufuata mapokeo yaitwayo Theravada, Vesak hukumbusha mambo matatu kwa pamoja: kuzaliwa kwa Siddhartha Gautama, kupata kwake mwangaza, yaani ule ujuzi wa chini ya mti, na kufariki kwake. Wanaamini kwamba yote matatu, ingawa yalitenganishwa na miaka mingi, yaliangukia mwezi mpevu wa mwezi mmoja, ambao katika kalenda ya India huitwa Vaisakha, na hapo ndipo lilipotoka jina la sikukuu.

Siddhartha alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo pamo ndani ya mpaka wa Nepal, katika ukoo wa watawala wa Washakya. Inasimuliwa kwamba mama yake, Maya, alikuwa safarini kwenda kujifungulia kwao, uchungu ukamshika njiani, akazaa akiwa amesimama na kushika tawi la mti. Siddhartha alipofikia umri wa miaka 29 aliacha jumba, mke na mtoto mchanga, akaenda kutafuta njia ya kuepukana na uzee, maradhi na mauti. Alipokuwa na miaka 35 aliketi chini ya mti wa jamii ya mtini mahali paitwapo Bodh Gaya, katika jimbo la Bihar nchini India, na wafuasi wake wanasema hapo ndipo alipopata mwangaza na kuwa Budha. Akafundisha kwa miaka 45, akafariki akiwa na umri wa miaka 80 huko Kushinagar, amelala kwa ubavu wake wa kulia. Kufariki huko hawakuhesabu kuwa msiba. Kwao ni kutoka moja kwa moja katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa tena na tena, na ndiyo maana hutaona matanga wala vilio katika siku ambayo wanamkumbuka maiti wao mtukufu. Hili ni vyema ulielewe mapema, usije ukawapa pole.

Swali lako la nani aliyeiweka siku hiyo ndilo lenye utamu, na jibu lake halimwendei mtu mmoja. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, yanayosimulia safari ya mwisho ya Budha yanaeleza vijiji alivyopita, chakula cha mwisho alichopewa na mhunzi aitwaye Chunda, na maneno aliyowaachia watawa wake, lakini hayataji tarehe. Habari ya mwezi mpevu wa Vaisakha tunaipata katika vitabu vya baadaye, vya ufafanuzi na vya tarehe. Mahavamsa, kitabu cha tarehe cha Sri Lanka kilichotungwa yapata karne ya 5 baada ya Kristo, kinamtaja Mfalme Dutugemunu, aliyetawala karne ya 2 kabla ya Kristo, kwamba katika orodha ya mema yake yaliyosomwa alipokuwa anakata roho zilikuwamo sikukuu 24 za Vesak alizoziadhimisha. Hata mtu akisema kwamba mwandishi alimpamba mfalme wake, bado tunajua kuwa kufikia wakati wa mwandishi huyo sikukuu ilikuwa jambo la kale na la fahari.

India yenyewe haikuwa na kauli moja. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyezunguka huko katika karne ya 7, aliandika kwamba madhehebu yalihitilafiana: wapo waliosema Budha alizaliwa siku ya 8 ya nusu ya pili ya Vaisakha, na wapo, hasa watangulizi wa hao Theravada, waliosema ni siku ya 15, na kuhusu kufariki, kulikuwa na dhehebu lililoiweka siku hiyo katika mwezi wa Karttika, ambao ni nusu mwaka mbali. Karne mbili kabla yake, Mchina mwingine, Faxian, aliona mjini Pataliputra maandamano makubwa ya magari ya kukokotwa yenye sanamu za Budha, nayo yalifanyika siku ya 8 ya mwezi wa pili. Kwa hiyo kuyaweka mambo matatu katika usiku mmoja ni kauli ya mapokeo mamoja, ambayo ndiyo iliyopata nguvu kusini mwa Asia.

Maoni yangu, na mwenye kunipinga anipinge kwa hoja, ni kwamba mwezi mpevu ulitangulia na simulizi zikaja baadaye kukaa juu yake. Katika vitabu vya sheria za watawa imo habari ya Mfalme Bimbisara wa Magadha, ufalme wa kale wa India, ambaye aliona kwamba watawa wa mikondo mingine hukusanyika siku ya 8, ya 14 na ya 15 ya kila nusu ya mwezi, watu wakaenda kuwasikiliza na kuwapenda, akamwomba Budha naye awaruhusu watawa wake wakusanyike siku hizo. Budha akakubali. Mwanzoni watawa walikuja wakakaa kimya, watu wakalalamika kwamba wamekuja kusikia mawaidha wakakuta mabubu, ndipo wakaamrishwa kuzungumza juu ya mafundisho, na baadaye kusoma kanuni zao pamoja. Siku hizo huitwa uposatha, na desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Budha, maana Wahindi wa dini ya Veda walikuwa nayo katika mkesha wa sadaka zao za mwandamo na za mwezi mpevu. Watu waliokwisha kuzoea kukusanyika na kujizuia kila mwezi mpevu hawakuhitaji amri mpya ili waupe mmoja katika hiyo daraja ya juu zaidi.

Ukienda mashariki zaidi utaikuta hesabu nyingine kabisa. Wachina na Wakorea huadhimisha kuzaliwa kwa Budha siku ya 8 ya mwezi wa nne wa kalenda yao ya mwezi. Japani, baada ya kuhamia kalenda ya jua mwaka 1873, iliishia kuiweka tarehe 8 Aprili, ambapo sanamu ndogo ya Budha mtoto humwagiwa chai tamu, na mambo mawili yaliyobaki yana siku zake mbali, mwangaza tarehe 8 Desemba na kufariki tarehe 15 Februari. Wageni wako, kwa kuwa ni wa Sri Lanka, wana yote matatu katika siku moja.

Kijana wa Gongoni

Mwalimu, kwa heshima, mimi nilisoma kwamba Vesak ni siku iliyobuniwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1999, na kwamba kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na mambo yake. Je, hii habari ya wafalme wa kale haikuongezwa baadaye ili kuipa siku hiyo umri?

Baharia Mstaafu (Malindi)

Mwanangu Gongoni, Umoja wa Mataifa haukubuni kitu. Azimio la Baraza Kuu la tarehe 15 Desemba 1999 liliitambua tu siku hiyo, likaruhusu iadhimishwe katika makao makuu na ofisi za umoja huo. Kabla ya hapo, mwaka 1950, Wabudha wa nchi nyingi walikutana Colombo na kuanzisha umoja wao wa kimataifa, na katika mkutano huo walikubaliana kuzihimiza serikali ziifanye Vesak siku ya mapumziko. Unalosema kuhusu kila nchi kuwa na mambo yake ni kweli hadi leo.

Lakini jambo ambalo watu wa pwani hii wangelielewa upesi kuliko wengine ni lile lililotokea kati ya wafalme wa kale na mkutano wa 1950. Wareno hao hao waliofika kwetu Malindi mwaka 1498 walifika Sri Lanka mwaka 1505, wakafuatiwa na Waholanzi, kisha Waingereza, ambao mwaka 1815 waliutwaa ufalme wa mwisho, wa Kandy. Chini ya tawala hizo sikukuu za Wabudha hazikuwa na heshima yoyote ya kiserikali, na watu wa pwani hasa waliishi karne kadhaa wakiadhimisha dini yao kimyakimya. Mwaka 1883, siku ya Pasaka, maandamano ya Wabudha yalishambuliwa mtaani Kotahena, Colombo, na watu wa Kikatoliki, pakawa na ghasia, na Wabudha wakaona hawakutendewa haki. Mmarekani mmoja, Henry Steel Olcott, kanali mstaafu aliyekuwa ameshaingia katika Ubudha kule kule Sri Lanka mwaka 1880, alikwenda London mwaka 1884 kupeleka madai yao, na moja ya madai hayo lilikuwa Vesak itambuliwe. Gavana Arthur Gordon akaitangaza kuwa siku ya mapumziko, na tarehe 28 Aprili 1885 ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza kwa sura hiyo mpya. Siku hiyo ndiyo iliyopandishwa pia bendera ya Wabudha, yenye bluu, manjano, nyekundu, nyeupe na rangi ya chungwa, ambayo leo utaiona katika mahekalu karibu duniani kote. Kwa hiyo, kijana wangu, ukitaka kusema kwamba sherehe za hadharani tunazoziona sasa, zenye bendera, taa na barabara kufurika, zina umri wa miaka mia moja na arobaini hivi, nitakuunga mkono. Siku yenyewe ni ya kale.

Nilifanya kazi katika meli za mizigo na Colombo tulikuwa tukitia nanga mara kwa mara, kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona. Watu huvaa nguo nyeupe tangu alfajiri na kwenda hekaluni na maua, taa za mafuta na ubani. Wanaoshika siku kikamilifu hukaa huko mpaka usiku. Jioni kila nyumba hutundika taa za karatasi zilizotengenezwa kwa vijiti vya mianzi, na mitaani husimamishwa mabango makubwa mno ya taa za umeme yanayosimulia visa vya maisha ya Budha yaliyotangulia, picha moja baada ya nyingine. Kilichonishangaza zaidi ni vibanda vya chakula cha bure. Mtu yeyote anayepita, awe wa dini gani, huitwa ale wali, anywe kinywaji, apate hata barafu tamu, na anayegawa ndiye anayeshukuru. Mabucha na maduka ya pombe hufungwa kwa amri ya serikali.

Nikiwa huko niliingia pia katika jumba la makumbusho la taifa nikaliona lile jiwe la Admirali Zheng He, ambaye enzi za safari zake twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Jiwe hilo la mwaka 1409 lilipatikana Galle, nalo limeandikwa kwa lugha tatu: kwa Kichina linamsifu Budha na kuorodhesha dhahabu, fedha, hariri na mafuta aliyotolewa, kwa Kitamili linamtukuza mungu wa Kihindu, na kwa Kiajemi linamtaja Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Nilisimama pale muda mrefu.

Mpiga Hesabu wa Shela (Lamu)

Ndugu zetu wamemaliza habari za tarehe za wafalme, lakini swali la Mwenyeji kuhusu mwendo wa siku bado halijaguswa, nami ndilo ninaloliweza.

Mwaka wa miezi 12 ya mwandamo una siku 354 au 355, hivyo hupungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua. Sisi Waislamu tunauacha upungufu huo uende, kwa kuwa kuongeza mwezi kumekatazwa katika Qurani, na ndiyo sababu Ramadhani huzunguka ikapita kaskazi na kusi, na Maulidi ya Mfungo Sita huwa mara wakati wa mvua, mara wakati wa jua kali. Wabudha wa kusini mwa Asia, kama Wahindu, hufuata mwezi lakini hawauachi uachane na jua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mzima wa 13, jumla yake ikiwa miezi 7 katika kila miaka 19, na kwa njia hiyo Vaisakha hubaki pale pale, Aprili, Mei, na mara chache mwanzoni mwa Juni. Wazee wetu nao hawakuishi kwa mwandamo peke yake, maana manahodha na wakulima wa mwambao huu walihesabu mwaka wa jua wa Nairuzi kwa ajili ya pepo na kilimo. Ila wao waliziweka hesabu mbili kando kando, wakati Wabudha walizifunga pamoja.

Ugumu huja unapofika mwaka wa kuongeza mwezi, kwa kuwa nchi hazikubaliani wapi pa kuuongeza. Mwaka 2007 mwezi wa Mei ulipata miezi mipevu miwili, mwanzoni na mwishoni; Sri Lanka ikaadhimisha Vesak mwanzoni mwa mwezi, Thailand na Singapore zikangoja hadi tarehe 31. Sisi tunaogombana kila mwaka kama mwezi umeonekana Lamu au Saudia hatuna la kuwacheka.

Kuna tofauti moja ambayo inafaa kuiangalia. Kwetu kinachotafutwa ni mwezi mchanga, ushahidi wa macho, na watu kupanda juu ya mapaa. Kwao kinachotakiwa ni ukamilifu wa mwezi, ambao huhesabiwa mapema na kuchapishwa katika kalenda, wala hakuna anayengojea ushahidi. Kilicho karibu nao kwetu ni funga ya sunna ya siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi. Sri Lanka kila mwezi mpevu ni siku ya mapumziko, si ule wa Vesak tu, na kati ya mwaka 1966 na 1971 serikali yao ilifika mahali pa kuacha Jumapili kabisa na kufanya mapumziko ya wiki yafuate siku za mwezi, ingawa biashara na nchi nyingine ilipata shida ikabidi warudi.

Mwenyeji wa Mkomani (Lamu)

Mungu awalipe kheri nyote. Nimebakiwa na mambo mawili. La kwanza, je, ni sawa kuiita siku hiyo Maulidi yao? La pili ni la kikazi: hicho wanachokifanya baada ya saa sita ni saumu kama yetu, na je, mchana wanaweza kupewa hata maji?

Mwalimu wa Mambrui (Malindi)

Kuhusu la kwanza, ndugu Mwenyeji, mfano huo unasaidia nusu ya njia. Hata sisi wapo wanahistoria wengi wanaosimulia kwamba Mtume wetu alizaliwa na akafariki tarehe 12 ya Mfungo Sita, kwa hiyo wazo la siku moja kubeba kuja na kuondoka kwa mtu mtukufu si geni kwa aliyewahi kukaa Lamu wakati wa Maulidi ya Riyadha. Nusu inayobaki ndiyo inayotofautiana. Wabudha wa Theravada hawasemi kwamba Budha ni mungu wala mjumbe wa Mungu. Wanasema ni mwanadamu aliyeiona njia akaionyesha, na maua yanayowekwa mbele ya sanamu huambatana na maneno ya kukumbuka kwamba mwili nao utanyauka kama maua hayo. Anayeadhimisha hatarajii Budha amsikie na kumjibu. Anatarajia kwamba mema anayoyafanya siku hiyo, kujizuia, kutoa na kutafakari, yatamzalia matunda. Ukimwuliza mgeni wako kama leo ni Maulidi yenu atakuelewa, lakini usishangae akikujibu kwamba jambo kubwa katika hayo matatu ni lile la mti wa Bodh Gaya, kwa sababu bila hilo kuzaliwa na kufa kwake kungekuwa kama kwa mtu mwingine yeyote.

Kuhusu la pili, si saumu ya kujizuia tangu alfajiri hadi magharibi. Siku hiyo hushika kanuni nane badala ya tano za kila siku: kutoua, kutoiba, kutokutana kimwili na mtu, kutosema uongo, kutotumia kilevi, kutokula baada ya adhuhuri hadi alfajiri ya pili, kuacha ngoma, nyimbo, manukato na mapambo, na kutolalia kitanda cha juu au cha anasa. Maji wanakunywa wakati wowote. Ukiwa na kitanda cha Kilamu chenye miguu mirefu, wape pia mikeka au magodoro ya chini wachague wenyewe, na wala usione kwamba wamekidharau chumba chako. Familia yote si lazima ishike kanuni nane. Aghalabu wazee hushika na watoto huachwa wale.

Baharia Mstaafu (Malindi)

Niongeze juu ya kinywaji. Jioni waandalie chai ya mkandaa, kwani wenye kushika sana hawaweki maziwa, kwa kuwa wanayahesabu kuwa chakula. Juisi iliyochujwa ya ndimu au ukwaju haina neno. Madafu waulize kwanza, maana katika kanuni za watawa wao maji ya matunda makubwa, nazi na tikiti yakiwemo, hayanywewi baada ya adhuhuri. Walei wengi hawajali hilo, lakini mwenye kujali hatapenda kukuambia baada ya wewe kuyapasua.